Mnara wa Kew Bridge kule Brentford: kama si dohani, ni nini? Na zile injini zinajizuiaje?

Kiberenge

Heshima kwenu wakuu. Tuko watu sita, tunapanga siku moja ya kutembelea mabaki ya zama za mvuke huko Brentford, magharibi mwa London. Hatuna gari. Kabla ya kwenda naomba kueleweshwa, maana maelezo ya mtandaoni yanapingana.

Kwanza ni ule mnara mrefu wa matofali karibu na daraja la Kew. Ukitafuta picha zake unakuta umeitwa dohani la kituo cha pampu. Wengine wanauita mnara wa maji, ila hakuna anayeonyesha tangi liko wapi. Lipi ni sahihi?

Pili, injini ya inchi 90 ya kituo hicho. Kwenye video boriti inapanda na kushuka, lakini sioni gurudumu lolote linalozunguka. Kwenye injini za kawaida krenki, ule mkono unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, ndiyo inayoamua pistoni iishie wapi. Hapa krenki haipo. Sasa pistoni inajuaje pa kusimama? Na mbona baada ya kila pigo injini inatulia kidogo kama imezimika?

Tatu, kwa nini mvuke unawashwa siku chache tu? Na mwisho, tukishaona injini, kuna nini kingine jirani cha kufuata kwa miguu au kwa basi?

FundiValvu

Mkuu, swali la kwanza na la pili ni swali moja. Ukiielewa injini, mnara utajieleza wenyewe, kwa hiyo naanza na injini.

Injini ya mtindo wa Cornwall (mkoa wa kusini-magharibi mwa Uingereza), kama hii ya inchi 90, haisukumi maji kwa mvuke. Mvuke unanyanyua uzito, kisha uzito ndio unaosukuma maji. Shika hilo kwanza.

Anza pistoni ikiwa juu kabisa ya silinda. Valvu ya kutolea inafunguka, na kondensa, chombo cha kupoza mvuke uwe maji, inavuta mvuke wa chini ya pistoni hadi pawe na ombwe. Kisha valvu ya kuingiza inafunguka na mvuke wa boila unakuja juu ya pistoni. Pistoni inashuka. Upande wa pili wa boriti unapanda kama pembea, ukinyanyua planja ya pampu (nguzo inayoingia na kutoka ndani ya pampu) pamoja na mzigo mzito wa vyuma uliofungwa juu yake, na maji yanaingia ndani ya pampu. Valvu ya kuingiza hufungwa mapema, pistoni ikiwa bado na safari ndefu, na mvuke uliokwisha kuingia unaendelea kutanuka hadi umalize kazi. Hapo ndipo mafundi wa Cornwall walipookoa makaa ya mawe, kwa sababu kwao hakukuwa na migodi ya makaa na kila tani ililetwa kwa meli.

Pistoni ikifika chini, valvu ya kutolea nayo imefungwa. Sasa inafunguka ya tatu, valvu ya usawazisho, inayounganisha juu ya pistoni na chini yake. Presha inakuwa sawa pande zote mbili, kwa hiyo pistoni haina tena nguvu ya kushikilia kitu. Mzigo ulio juu ya planja unateremka kwa uzito wake wenyewe, unasukuma maji yaende bombani, na wakati huohuo unairudisha pistoni juu. Kabla haijafika mwisho, valvu ya usawazisho inafungwa, na mvuke uliobaki juu ya pistoni unabanwa na kuwa mto wa kuipokea.

Hesabu zake zinafurahisha. Pistoni ya injini hii ina kipenyo cha inchi 90, yaani mita 2.29, na inasafiri futi 11, sawa na mita 3.35. Mtu mrefu angeweza kulala juu yake akajinyoosha. Kila pigo linatoa galoni 472 za Uingereza, lita 2,146 hivi, zaidi ya tani mbili za maji. Galoni 472 ni futi za ujazo 75.8. Gawanya kwa futi 11, unapata planja yenye eneo la karibu futi za mraba 6.9. Ili planja ya eneo hilo isukume maji mpaka kimo cha futi 200, inahitaji uzito wa tani 39 hivi juu yake, bila kuhesabu msuguano. Pistoni kwa upande wake ina eneo la inchi za mraba 6,362, kwa hiyo mikono ya boriti ikiwa sawa, tofauti ya paundi 13.5 kwa kila inchi ya mraba, kwa wastani wa safari nzima, inatosha kuunyanyua mzigo huo. Presha ndogo juu ya eneo kubwa, na sehemu nzuri ya nguvu hiyo inatoka kwenye ombwe la chini.

Sasa kuhusu kusimama. Hapa mwisho wa safari unaamuliwa na mizani ya nguvu: mvuke kiasi gani umeingia, mzigo ni mzito kiasi gani, na valvu zimefungwa wakati gani. Kutoka kwenye boriti inaning'inia nguzo ya wima yenye vigingi. Inapopanda na kushuka, vigingi vinagonga mikono ya valvu na kuzifunga. Vigingi vinasogezwa kwa skrubu. Dereva akiona pistoni inakaribia kupita alama yake, anasogeza kigingi ili mvuke ukatwe mapema zaidi. Yote yakishindikana, pande mbili za boriti yamewekwa magogo mazito ya mbao, na boriti ina masikio ya kutua juu ya magogo hayo kabla pistoni haijagonga kifuniko. Ukisikia boriti imegusa mbao, dereva amekosea.

Ule utulivu kati ya mapigo unatokana na kifaa kiitwacho katarakti. Ni planja ndogo ndani ya tangi la maji lenye tundu linaloweza kubanwa au kulegezwa. Kila pigo linainyanyua, kisha inashuka polepole kadiri maji yanavyopenya tunduni. Ikifika chini inaachia kishikizo, valvu zinafunguka, na pigo jipya linaanza. Ukilibana tundu, injini inasubiri zaidi. Kwa njia hiyo kasi ya kituo kizima ilipangwa kulingana na mahitaji ya maji bila kubadilisha namna pigo lenyewe linavyokwenda.

Na mnara je? Fikiria bomba kuu la mtaani limepasuka wakati planja iko katikati ya kushuka. Maji yaliyokuwa yanaikinza yametoweka. Tani 39 zinaanguka bila breki na pistoni inarushwa juu. Injini yenye flaiwili (gurudumu zito linalozunguka) ingekuwa na uzito wa gurudumu wa kupunguza kishindo; hii haina. Na boriti ni ya chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa, chuma kinachovumilia kubanwa lakini kinakatika kikivutwa au kikipigwa ghafla. Tarehe 16 Januari 1862, kwenye mgodi wa Hartley huko Northumberland, boriti ya injini ya pampu ilikatika ikaangukia ndani ya shimo pekee la kutokea. Wanaume na wavulana 204 walikufa.

Kwa hiyo Kew Bridge injini haikusukuma maji moja kwa moja mitaani. Iliyapandisha kwenye bomba la wima ndani ya mnara, yakafika juu, yakavuka na kuteremka bomba jingine kuelekea mjini. Bomba la mtaani likipasuka, injini inaendelea kusukuma dhidi ya kimo kilekile na planja haipotezi mzigo. Kishindo cha kila pigo nacho kinamezwa huko juu badala ya kufika kwenye mabomba ya wateja. Kimo cha futi 200 ni sawa na presha ya paundi 87 hivi kwa inchi ya mraba, kwa hiyo mnara ulikuwa pia kipimo: presha haikuweza kuzidi hapo hata dereva angefanya nini.

Basi tangi usilitafute, halipo. Ule ni ganda la matofali lililovishwa mabomba ya wima, lenye kimo cha karibu futi 200, lililojengwa 1867 kwa sura ya minara ya kengele ya Italia. Matofali yanayakinga mabomba na baridi, kwa sababu maji yakiganda ndani ya bomba la chuma cha kusubu yanalipasua.

Mtomkavu

Maelezo safi. Naongeza kwa nini kituo kiko pale, kwa sababu watu husoma injini peke yake na kusahau maji.

Kampuni ya Grand Junction Waterworks ilianzishwa 1811. Ilipokuwa Chelsea ilivuta maji ya mto Thames karibu na mdomo wa mfereji wa maji taka wa Ranelagh. Jambo hilo likawa kashfa ya hadharani mwaka 1827, na kampuni ikalazimika kutafuta maji juu zaidi ya mto. Ndipo kituo cha Kew Bridge kikajengwa, kikaanza kazi 1838. Injini ya Boulton & Watt ya 1820 mtakayoiona hapo ilitolewa Chelsea na kufungwa upya Kew Bridge, kwa hiyo ina umri mkubwa kuliko jengo lake. Ya Maudslay ni ya 1838, ile ya inchi 90 ni ya 1846 kutoka kiwanda cha Copperhouse mjini Hayle, Cornwall, na ya inchi 100 ni ya 1869, kazi ya Harvey wa Hayle hukohuko.

Hata Kew Bridge haikudumu kuwa chanzo cha maji. Mto Thames pale unapanda na kushuka na bahari, na uchafu wa jiji unarudishwa juu na maji kujaa. Sheria ya maji ya London ya 1852 ikazilazimisha kampuni kuchota juu ya lango la kuzuia maji la Teddington, mahali ambapo maji ya bahari hayafiki, kabla ya mwisho wa Agosti 1855. Grand Junction ikahamishia mdomo wake wa kuchotea maji Hampton. Kuanzia hapo Kew Bridge ikawa kituo cha kusukuma maji yaliyokuja kwa bomba kutoka Hampton. Mkisimama darajani msiutazame mto uliopo chini mkadhani ndio ulionyweshwa watu mpaka mwisho.

Bodi ya maji ya jiji, Metropolitan Water Board, ilichukua kampuni zote 1904. Injini za Cornwall zilisimama 1944, na bodi haikuziuza kama chuma chakavu. Wadhamini wa kituo waliundwa 1973, milango ikafunguliwa kwa umma 1975, na tangu 2014 jina rasmi ni London Museum of Water & Steam. Ukitafuta maandishi ya zamani tumia jina la awali, Kew Bridge Steam Museum.

Jambo moja nalisisitiza: kuweni waangalifu na neno «kubwa kuliko zote». Injini ya inchi 90 inatajwa kuwa kubwa kuliko zote miongoni mwa injini za boriti za Cornwall zilizorudishwa kufanya kazi kwa mvuke. Ile ya inchi 100 ni kubwa zaidi, inatoa galoni 717 kwa pigo, lakini imesimama. Na kule Cruquius, Uholanzi, kuna silinda ya inchi 144 ya mwaka 1849 iliyosubiwa Cornwall, ila leo inasogezwa kwa haidroli na si kwa mvuke. Kila dai lina mpaka wake. Ukiuondoa mpaka unasema uongo bila kukusudia.

Boilamani

Najibu la siku chache za mvuke. Watu hudhani ni gharama ya mafuta tu. Gharama ipo, lakini sababu kubwa ni chuma chenyewe.

Chukua boila la Lancashire, aina iliyotumika sana kwenye vituo vya namna hii tangu ilipopewa hataza 1844. Ni ganda kubwa la mviringo lililolala, lenye mirija miwili mipana ndani yake. Moto unawaka ndani ya mirija, kisha moshi unarudi kwa njia za matofali zilizo chini na pembeni ya ganda. Ukiwasha moto mkali boila likiwa baridi, mirija inapata joto na kurefuka kwanza, wakati sehemu ya chini ya ganda bado ni baridi na maji yake hayazunguki. Mwisho wa mirija unasukuma bamba za mbele na nyuma, ribiti zinalegea, na mishono inaanza kuvuja. Moto mdogo kwa siku nzima au zaidi ndio njia salama, na kupoa nako kunataka muda uleule. Ndiyo maana siku za mvuke hupangwa zifuatane, Jumamosi na Jumapili: umeshalipa joto, litumie.

Halafu silinda. Ile ya inchi 90 imezungushiwa jaketi ya mvuke, yaani ganda la nje lenye mvuke, na lazima ipate joto sawasawa kabla pistoni haijaguswa. Mvuke wa kwanza unaogusa chuma baridi unageuka maji papo hapo. Maji hayabanwi. Yakikusanyika juu ya pistoni kuliko nafasi iliyobaki, kitu kitavunjika: kifuniko, fimbo ya pistoni au boriti. Kwa hiyo koki za kutolea maji zinaachwa wazi mpaka zitoe mvuke mkavu, siyo mate ya maji. Kwenye bomba la kuleta mvuke ni vilevile. Mvuke ukikuta dimbwi bombani unalirusha kama risasi, na mlio wake ni kama nyundo kwenye reli. Ukiusikia, funga na utoe maji. Usiongeze mvuke.

Mapigo ya kwanza hufanywa kwa mkono. Dereva anapuliza mvuke kupitia silinda na kondensa ili kufukuza hewa, kisha anashika mikono ya valvu mwenyewe: mvuke kidogo, anaitazama pistoni imesafiri kiasi gani, anairudisha, anarudia. Pigo la kwanza likiwa futi chache tu ni sawa kabisa. Mtego uko hapa: mwanzoni ombwe ni hafifu, kwa hiyo unahitaji mvuke zaidi kupata safari nzima. Baada ya mapigo kadhaa kondensa inashika, ombwe linakuwa zuri, na kiasi kilekile cha mvuke sasa kinairusha pistoni mbali kuliko ulivyotaka. Dereva mzuri anapunguza mvuke kabla ombwe halijamshtua. Akishaona mapigo matatu au manne yamefanana ndipo anakabidhi kazi kwa vigingi na katarakti.

Kinachosumbua zaidi siku ya kazi ni hewa kuingia. Pakingi ya fimbo ya pistoni, zamani kamba ya katani iliyolowa shahamu, ikichakaa upande wenye ombwe haitoi mvuke unaouona. Inanyonya hewa kimyakimya. Dalili ni geji ya ombwe kushuka taratibu na pigo kufupika. Kukaza nati za pakingi kupita kiasi si dawa, maana inaungua na kukwaruza fimbo. Kaza nusu mzunguko kila upande kwa zamu, subiri, utazame geji.

Juu ya yote hayo kuna sheria. Nchini Uingereza, chini ya kanuni za mwaka 2000 za usalama wa mitambo yenye presha, huwezi kuendesha boila bila mpango wa ukaguzi ulioandikwa na kuthibitishwa na mkaguzi mwenye sifa. Ukaguzi unataka boila lipozwe, lifunguliwe, lisafishwe mpaka chuma kionekane, na baadaye litazamwe tena likiwa na mvuke. Mkaguzi akikuta bamba limekuwa jembamba, atashusha presha inayoruhusiwa au atalisimamisha. Hivyo kabla ya kununua tiketi za treni, angalieni tangazo la siku hiyo linasema injini ipi itafanya kazi. «Siku ya mvuke» haimaanishi lazima ile ya inchi 90.

Kiberenge

Nashukuru sana wakuu, sasa naona kitu kimoja badala ya vitu vinne. Maswali mawili ya nyongeza. Tukikuta injini ya inchi 90 inafanya kazi, tusimame ghorofa ipi? Na kwenye video moja kuna injini ya jirani isiyo na boriti kabisa, silinda iko juu ya pampu. Hiyo imekaaje?

FundiValvu

Isiyo na boriti ni injini ya Bull, ya mwaka 1859, kutoka kwa Harvey. Jina ni la Edward Bull, fundi wa Cornwall aliyegombana na Boulton & Watt mahakamani kuhusu hataza katika miaka ya 1790. Silinda imegeuzwa, fimbo ya pistoni inatokea chini na kushika planja moja kwa moja. Mvuke unainyanyua pistoni kutoka chini, uzito unaishusha na kusukuma maji. Kanuni ni ileile, imepunguziwa boriti tu. Faida yake ni jengo dogo na chuma kidogo. Hasara ni kwamba silinda inakalia pampu, kwa hiyo kila ukarabati wa pampu unafanyika chini ya tani nyingi za chuma zinazoning'inia. Itazameni kabla ya ile ya inchi 90, mtaelewa haraka zaidi.

Kuhusu kusimama: msibaki sehemu moja. Anzeni chini, kwenye sakafu ya dereva, mapigo kumi hivi. Hapo mnaona vigingi vikigonga mikono ya valvu, na mkisikiliza vizuri mtatofautisha sauti ya valvu ya mvuke na ya usawazisho. Valvu zenyewe zina vikalio viwili vya kutulia zikifungwa, kimoja juu na kingine chini, hivyo presha inajisawazisha na mkono wa mtu mmoja unaweza kuinua valvu kubwa vile. Kisha pandeni mpaka kwenye boriti. Ngazi ni nyembamba na kali, viatu viwe na soli isiyoteleza kwa sababu vyuma hulowa mafuta na maji ya mvuke. Huko juu tazameni tofauti ya kasi: pistoni inashuka kwa nguvu, planja inashuka kwa upole. Anayetazama upande mmoja tu haioni.

Kwa picha, mwendo ni wa taratibu na mwanga ni hafifu, hivyo sekunde 1/15 mpaka 1/30 huonyesha boriti ikiwa na ukungu kidogo huku nguzo zikibaki kali. Pigeni wakati wa kushuka kwa planja. Kuhusu stendi ya kamera, ulizeni kwanza mlangoni, njia ni nyembamba.

Njia_ya_Mfereji

Upande wa njia, nina mapendekezo yanayofaa siku moja bila gari.

Shukeni kituo cha treni cha Kew Bridge, kilichofunguliwa 1849, kama nusu saa kutoka Waterloo. Msichanganye na kituo cha Kew Gardens, ambacho kiko ng'ambo ya mto. Kituo cha pampu kina jina la daraja, ila kiko Brentford, ukingo wa kaskazini. Mkitoka tu mnara mnauona, mlango uko Green Dragon Lane, dakika chache kwa miguu. Daraja lenyewe la mawe, lenye matao matatu, ni la tatu kujengwa mahali hapo na lilifunguliwa na mfalme Edward VII mwezi Mei 1903. Dakika kumi zinalitosha.

Mchana chukueni basi 237 au 267 kwenda High Street ya Brentford. Mbele ya jengo la mahakama kuna nguzo ya mawe iliyoundwa kwa mabaki ya daraja la zamani la Brentford. Imechongwa matukio manne: Kaisari kuvuka Thames mwaka 54 kabla ya Kristo, mkutano wa mfalme Offa, vita vya Edmund Ironside 1016, na vita vya 1642. Watu wengi wanaipita bila kuisoma.

Kutoka hapo ingieni njia ya miguu kando ya mfereji wa mashua. Sehemu hii ya Grand Junction, siku hizi Grand Union, ilifunguliwa 1794. Malango ya maji, yaani vyumba vya kupandisha na kushusha mashua, yana namba zinazohesabiwa kutoka Braunston, mwisho wa kaskazini wa mfereji, kwa hiyo mkipanda namba zinapungua: 101 ndilo la kuingilia Thames, 100 ni la kupimia mizigo, ambapo ushuru ulitozwa kwa kupima mashua imezama kiasi gani. Pitieni chini ya paa la ghala linaloning'inia juu ya maji, lilijengwa hivyo ili mizigo ishushwe bila kunyeshewa. Baada ya lango la 99 mtafika daraja dogo la chuma cha kusubu la mwaka 1820 liitwalo Gallows Bridge. Mwaka na jina la kampuni ya mfereji vimesubiwa kwenye chuma chenyewe. Limejengwa ili farasi wa kuvuta mashua avuke ng'ambo ya pili.

Hanwell kuna malango sita mfululizo, 97 hadi 92, yanayopandisha mashua futi 53. Pembeni ni ukuta wa iliyokuwa hospitali ya wagonjwa wa akili iliyofunguliwa 1831. Tafuteni tao lililozibwa kwa matofali: mashua za makaa ya mawe ziliingia humo. Ukutani kuna pia matundu ya kupitishia mipira ya zimamoto ili ifike mfereji.

Juu kidogo ya lango la 92 ni kile ninachokiona kuwa bora kuliko vyote baada ya injini: Three Bridges ya mhandisi Brunel, iliyokamilika 1859, mwaka aliofariki. Reli iko chini bondeni, mfereji unapita juu yake ndani ya hori la chuma cha kusubu, na barabara ya Windmill Lane inapita juu ya mfereji. Jina linasema madaraja matatu, ukihesabu ni mawili. Reli hiyo ilikwenda Brentford Dock, nayo ya Brunel, ya 1859, iliyofungwa 1964 na sasa ni makazi. Njia ya treni bado inapitisha mizigo. Kiangazi majani yanaziba bonde. Majira ya baridi mnaona vizuri.

Kutoka malango ya Brentford mpaka hapo ni kilomita 4 hadi 5, saa moja na nusu kwa mwendo wa kutazama. Mvua kubwa ikinyesha njia ya chini inakuwa na matope, kwa sababu chini ya Hanwell mfereji na mto Brent ni kitu kimoja na maji hupanda haraka. Malizieni kwenye daraja la reli la Wharncliffe karibu na kituo cha Hanwell: matao manane ya matofali, kila moja upana wa futi 70, kazi ya Brunel akiwa kijana kwenye reli ya Great Western. Mnafunga siku na kazi yake ya mwanzo mkiwa mmetoka kuona ya mwisho. Treni ya njia ya Elizabeth inawarudisha mjini.

Mtomkavu

Mkipata siku ya pili, isogezeni ilingane na siku ya mvuke ya Kempton, Hanworth, pembeni ya barabara ya A316. Pale kuna injini mbili za Worthington-Simpson za mwaka 1929, kimo cha futi 62 kila moja, aina ya upanuzi wa hatua tatu: mvuke unatumika silinda ndogo, kisha ya kati, kisha kubwa. Zilifanya kazi mpaka 1980, na ile iitwayo Sir William Prescott ilirudishwa kwenye mvuke 2002. Hizi zina krenki na flaiwili. Mkizitazama baada ya Kew Bridge, lile swali la Kiberenge kuhusu pa kusimama mtalijibu wenyewe kwa kidole.

Kiberenge

Nimeshanakili yote. Tutaanza na Bull, kisha inchi 90 chini na juu, mchana mfereji. Nitathibitisha kwanza injini ipi ina mvuke kabla ya kukata tiketi.

Boilamani

Ulizeni pia saa injini inapowashwa, siyo saa ya kufungua milango. Mkifika mapema mtaona mapigo ya mkono, na hayo hayarudiwi mchana kama hakuna kilichosimama.